Kutoka boila ya mafuta hadi pampu ya joto: hesabu yote imo kwenye maji ya rejeta

Anayetaka kuachana na boila ya mafuta, mtambo unaochoma mafuta ili kupasha maji ya nyumba, na kuhamia kwenye pampu ya joto inayotumia umeme, huanza na swali moja: hii pampu ya joto itaweza kweli kupasha nyumba wakati nje kuna theluji? Ni swali la haki, lakini silo linaloamua. Nchi zilizozama zaidi kwenye pampu hizi ni Norwei, Uswidi na Ufini, ambako majira ya baridi hayana masihara. Norwei zaidi ya nusu ya kaya zinazo, na tangu mwaka 2020 kupasha majengo kwa mafuta ya kuchimbwa ni marufuku huko. Jimbo la Maine, Marekani, ambako sehemu kubwa ya nyumba huchoma mafuta kuliko katika jimbo lolote lingine la nchi hiyo, lilijiwekea lengo la kufunga pampu 100,000, likalifikia mwaka 2023, miaka miwili kabla ya muda. Baridi ya nje imeshajibiwa.

Swali ambalo wengi hawaulizi, na ambalo fundi mvivu hapendi kuulizwa, ni hili: maji yanayozunguka kwenye rejeta zako, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba, yanahitaji kuwa na nyuzi ngapi ili nyumba ikalike? Ukubwa wa mashine, bili ya umeme, rejeta zipi zing'olewe na zipi zibaki, hata kama mradi wote una maana au hauna, vyote vinaning'inia kwenye namba hiyo moja.

Friji iliyogeuzwa

Weka mkono nyuma ya friji. Pana joto. Friji haikulitengeneza joto hilo. Imelichota kutoka kwenye vitu vilivyomo ndani na kulimwaga nje. Pampu ya joto ni friji hiyo hiyo iliyopewa kazi kinyume: inachota joto nje ya nyumba, kwenye hewa, ardhini au majini, na kulimwaga ndani. Wazo lenyewe ni la kale. William Thomson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na miaka michache baadaye Peter von Rittinger akaunda mashine ya namna hiyo Ebensee, Austria, kwenye kiwanda cha chumvi. Mwaka 1938 ukumbi wa jiji la Zürich ukaanza kupashwa kwa joto lililochotwa kwenye mto Limmat. Kwa hiyo anayekuambia hii ni teknolojia ya majaribio amechelewa sana.

Kinachowachanganya watu ni kusikia kwamba hewa ya baridi ina joto. Ya nyuzi 10 chini ya sifuri ina joto gani la kuchotwa? Lipo, tena tele. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Mahali joto linapoisha kabisa ni nyuzi 273 chini yake. Ndani ya mabomba ya pampu mna gesi inayochemka kwenye baridi kali. Propani, kwa mfano, isipobanwa huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa propani, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni jiko. Propani inapita kwenye mabomba ya nje ikiwa kimiminika baridi, inachemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka huko inameza joto la hewa. Kompresa inaubana mvuke huo nao unapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo kwa haraka. Mvuke wa moto unakutana na maji ya rejeta, unayakabidhi joto lake na kurudi kuwa kimiminika. Kimiminika kinapenya kwenye vali nyembamba, shinikizo linaporomoka, kinapoa, na safari inaanza upya.

Umeme, basi, unalipia ubebaji. Ndiyo sababu uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa moja) inaweza kuingiza uniti 3 za joto ndani ya nyumba bila kuvunja kanuni yoyote ya fizikia: moja ni ya umeme wenyewe, mbili zimeokotwa nje bure.

Kina cha kisima

Mbili, au tatu, au moja peke yake. Inategemea.

Mfikirie mtu anayechota maji kisimani. Ndoo ni ile ile, lakini kisima cha mita 5 na kisima cha mita 50 havichoshi sawa. Kwa pampu ya joto, kina cha kisima ni tofauti kati ya joto la nje na joto la maji unayoyataka. Nje kukiwa sifuri na maji ya rejeta yakiwa nyuzi 35, mpaka wa juu kabisa ambao fizikia inaruhusu ni uniti 8.8 za joto kwa kila uniti ya umeme, na mashine halisi, pamoja na hasara zake zote, hupata karibu nusu ya hizo: 4 hivi. Dai maji ya nyuzi 55, mpaka unashuka hadi 6 na mashine inakupa kama 2.7. Dai maji ya nyuzi 70 siku ambayo nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, utapata 2 ukibahatika, na bili ndiyo itakayokutoa jasho, si rejeta.

Baridi ya nje huwezi kuipanga. Joto la maji unalipanga. Kila uzi mmoja unaoupunguza kwenye maji huokoa takriban asilimia 2 ya umeme au zaidi kidogo, na kutoka nyuzi 65 hadi 45 kuna nyuzi 20 za kuchezea.

Kwenye karatasi za mashine ufanisi huu huandikwa COP ukiwa umepimwa katika hali moja, na SCOP ukiwa wa msimu mzima. Ukioneshwa COP ya 5 iliyoandikwa kwa wino mnene, uliza imepimwa kwa maji ya nyuzi ngapi. Mara nyingi utakuta ni maji ya nyuzi 35 na hewa ya nyuzi 7, hali ambayo nyumba yenye rejeta za zamani haijawahi kuionja usiku wa baridi. Tafuta namba ya maji ya nyuzi 55. Ipo, huwa imeandikwa kwa herufi ndogo.

Tabia ambayo mafuta yaliifunza nyumba

Boila ya mafuta haijali kina cha kisima. Mwali wa mafuta una moto wa kutosha kuyafikisha maji nyuzi 75 bila hata kuhema, na iwe nyuzi 45 au 75, lita ya mafuta hutoa karibu joto lile lile. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua. Rejeta zilipimwa kwa maji ya moto sana, mabomba yakafanywa membamba, na boila ikawekwa kubwa kupita kiasi, maana boila kubwa haikugharimu zaidi sana ya boila ndogo. Nyumba ikazoea kupashwa kwa mikupuo: kichomeo kinawaka kwa kishindo, rejeta zinaunguza mkono, kisha kimya, kisha tena.

Pampu ina tabia kinyume. Inataka maji ya vuguvugu, mengi, na inataka kufanya kazi polepole mchana kutwa. Kubadilisha mfumo ni kuifunza nyumba tabia hiyo, na rejeta ndizo zinazogoma kwanza. Rejeta hutoa joto kulingana na jinsi ilivyozidi joto la chumba, na upungufu wake ni mkali kuliko unavyotarajia. Chumba kikiwa nyuzi 20 na rejeta kwa wastani ikiwa 70, tofauti ni 50. Hapo ndipo viwanda hupimia nguvu yake. Punguza tofauti hiyo hadi 25, na rejeta ya wati 1000 haikupi 500. Inakupa kama 400.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema nyumba yangu ni ya zamani, pampu ni ya nyumba mpya zenye mabomba chini ya sakafu. Subiri. Rejeta nyingi ziliwekwa kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu waliozipima walijaza akiba juu ya akiba. Halafu, tangu zifungwe, nyumba huenda imebadilishwa madirisha au paa lake limewekewa kinga ya kuzuia joto lisitoroke. Rejeta iliyopimwa kwa nyumba iliyokuwa ikivuja leo ina ziada ambayo mafuta hayakuwahi kukufichulia.

Kuna jaribio lisilohitaji fundi. Ikija wiki ya baridi kali, shusha joto la maji la boila hadi nyuzi 55 na uliache hapo siku chache. Acha vali za rejeta wazi, usizime usiku. Kama nyumba imebaki na joto la kuridhisha, pampu itaimudu karibu bila kugusa rejeta. Kama chumba kimoja au viwili vimepoa, umeshajua ni rejeta zipi za kubadilishwa, na mara nyingi inatosha kuweka yenye paneli mbili au tatu mahali palepale palipokuwa na paneli moja. Kama nyumba nzima imepoa, tatizo liko kwenye paa, kuta na nyufa, na hapo ndipo fedha za mwanzo zinapopaswa kwenda.

Tahadhari moja: usiache boila ya kizamani ikifanya kazi hivyo msimu mzima. Moshi wa mafuta una salfa, na maji yakirudi baridi mno, mvuke wa moshi hugeuka majimaji ndani ya boila na kuwa asidi inayokula chuma. Siku chache hazina neno. Na kama mfumo wako una vali ya kuchanganyia maji, punguza kwenye vali hiyo na uiache boila na joto lake.

Stakabadhi za mafuta ni dhahabu

Fundi akija, akasoma kibao cha boila kilichoandikwa kilowati 25 na kukuandikia pampu ya kilowati 25, mshukuru na umsindikize mlangoni. Ukubwa wa boila hausemi lolote kuhusu mahitaji ya nyumba.

Stakabadhi za mafuta zinasema. Chukua za miaka mitatu au minne, tafuta wastani. Tuseme nyumba inatumia lita 2000 kwa mwaka. Lita moja ina takriban uniti 10 za nishati, kwa hiyo uliingiza uniti 20,000. Boila ya zamani hupoteza kama moja ya tano kwenye dohani na kwenye ngozi yake yenyewe, basi nyumba ilipata uniti 16,000. Katika nchi zenye baridi ya wastani, kama Ujerumani, kugawanya jumla hiyo kwa saa 2000 hivi, yaani saa ambazo mashine ingefanya kazi kwa nguvu zake zote katika mwaka, kunakupa nguvu inayohitajika siku ya baridi kali: kilowati 8. Theluthi moja ya boila iliyokuwapo.

Hesabu hii ya mkono haichukui nafasi ya kupima nyumba chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha, kazi ambayo fundi makini ataifanya kabla ya kutaja bei. Ila inakupa namba ya kumpimia. Akikuletea 7 au 9, mko pamoja. Akikuletea 16, aeleze.

Kwa nini nisichukue kubwa kwa usalama? Kwa sababu pampu ina kikomo cha chini pia. Pampu nyingi za sasa hupunguza kasi ya kompresa, lakini zikishafika chini kabisa haziwezi kupungua zaidi. Hubaki kuwaka na kuzima. Pampu kubwa mno kwenye siku za baridi ya kawaida, ambazo ndizo nyingi, huwaka dakika chache na kuzima, mara nyingi kwa saa, na kila kuwaka huko kunakula umeme na umri wa kompresa. Ndogo kidogo ni afadhali: kwenye siku tatu au nne za baridi ya kutisha, hita ya umeme iliyomo ndani ya mashine itasaidia, na msaada wa siku nne hauonekani kwenye bili ya mwaka.

Na bei je?

Bei za umeme na mafuta hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, na hata kati ya msimu na msimu, hivi kwamba kukutajia kiasi cha fedha ni kukupotosha. Uwiano ndio unaobaki. Nyumba yetu ya uniti 16,000, pampu ikipata wastani wa 3.2 kwa msimu, itatumia uniti 5000 za umeme badala ya lita 2000 za mafuta. Basi pampu inashinda pale uniti moja ya umeme inapokuwa na bei iliyo chini ya asilimia 40 ya bei ya lita moja ya mafuta. Angalia bili yako, angalia stakabadhi yako, jibu unalo.

Sasa tazama joto la maji linavyoingia hapa. Nyumba hiyo hiyo ikilazimisha maji ya moto na wastani ukashuka hadi 2.5, umeme unakuwa uniti 6400 na mpaka unashuka hadi asilimia 31. Ikikubali maji ya vuguvugu na wastani ukapanda hadi 4, mpaka unafika asilimia 50. Watu wawili wenye mashine moja, umeme wa bei moja na nyumba zinazofanana wanaweza kutoa ushuhuda unaopingana kabisa, na wote wakawa wakweli.

Nitasema wazi: pale ambapo umeme ni ghali mno ukilinganisha na mafuta, pampu iliyofungwa ovyo itakugharimu zaidi kila mwezi, hata kama serikali imekuchangia ununuzi. Anayekuuzia bila kuuliza bei ya umeme wako anauza mashine tu.

Kuhusu hewa chafu hesabu ni rahisi zaidi. Lita ya mafuta ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo lita 2000 ni tani 5.4. Uniti 5000 za umeme kutoka gridi inayotoa kilo 0.4 kwa uniti ni tani 2. Hata umeme wote ungetoka kwenye makaa ya mawe, yanayotoa karibu kilo moja kwa uniti, ungekaribia sare. Na gridi nyingi zinazidi kusafishwa mwaka hadi mwaka, wakati lita ya mafuta itabaki ile ile.

Hewa, ardhi, na ile ya ukutani

Aina inayochukua nafasi ya boila moja kwa moja ni ile inayochota joto kwenye hewa na kulitia kwenye maji ya rejeta. Inayochota ardhini ina ufanisi wa kuaminika zaidi, kwa kuwa kuanzia mita 10 hivi kwenda chini ardhi haijui kama ni kiangazi au baridi kali. Lakini inahitaji kisima kilichochimbwa mita 100 au 200, au uwanja wa kuzika mabomba, na uchimbaji huo ndio unaopandisha gharama. Mwenye ardhi na fedha aifikirie.

Ipo ya tatu, ambayo haiguswi na hoja yangu yote ya rejeta: ile inayopuliza hewa ya moto chumbani moja kwa moja, dada wa kiyoyozi. Nyingi ya pampu za Norwei ni za aina hii. Moja sebuleni, milango wazi, na sehemu kubwa ya mzigo wa nyumba imekwisha. Haipashi maji ya kuogea na haifikii vyumba vya pembeni, lakini kwa nyumba ndogo, au kwa asiye tayari kubomoa, ni mwanzo mzuri na inafungwa kwa siku moja. Wengine huibakiza boila kwa siku za baridi kali na kuiachia pampu siku nyingine zote. Si ujanja wa milele, maana unabaki na mifumo miwili ya kutunza, ila unaondoa sehemu kubwa ya lita kwa hofu ndogo.

Jambo moja kuhusu gesi iliyomo ndani, kwa kuwa utaikuta kwenye karatasi za bei. R410A, iliyotawala kwa miaka mingi, ikivuja kilo moja huchochea joto la dunia sawa na kilo 2088 za kaboni dayoksaidi. R32 ni 675. R290, ambayo ni propani tu, haifiki hata 5, na juu ya hayo humudu kupandisha maji hadi nyuzi 70 pale inapolazimu. Kasoro yake ni kwamba inawaka. Kwa hiyo mashine yake hukaa nje, mbali na madirisha na mashimo ya maji machafu, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Umoja wa Ulaya umekaza kanuni za gesi hizi mwaka 2024, na soko linaelekea kwenye propani.

Siku ya mafundi

Mabomba kwanza. Boila ilipeleka maji yenye moto mwingi na kuyarudisha yakiwa yamepoa kwa nyuzi 20. Pampu hupenda tofauti ya nyuzi 5 tu. Ili kubeba kilowati 8 kwa tofauti ya 20 unahitaji lita 6 kwa dakika. Kwa tofauti ya 5 unahitaji lita 23. Mabomba membamba kama kidole cha mwisho hayapitishi maji hayo bila kupiga mluzi. Fundi asiyetazama unene wa mabomba kabla ya kuandika bei atakuja kuutazama baadaye kwa gharama yako. Na kabla ya pampu kuunganishwa, mfumo usafishwe: rejeta za miaka 30 zina tope jeusi la kutu, na tope hilo likiingia kwenye njia nyembamba za mashine mpya huziba. Chujio la sumaku ni kitu kidogo. Lidai.

Maji ya kuogea yanahitaji tangi lake, lenye koili kubwa kuliko ile ya tangi la boila, kwa kuwa maji yanayolipasha hayana moto ule wa zamani. Nyuzi 50 zinatosha kuoga, ila mara kwa mara tangi hupandishwa hadi 60 au zaidi ili kuua bakteria wa lejionela.

Umeme: mita na meinswichi zichunguzwe mapema, kwani katika sehemu nyingi shirika la umeme linapaswa kuarifiwa au kutoa kibali, na kibali hicho ndicho kinachochelewesha kazi kuliko mabomba yote.

Halafu mashine ya nje. Ikikaa kwenye kona ya kuta mbili, sauti hujipiga na kurudi ikiwa kubwa. Ikiwa uwanja uko wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Isiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, lako wala la jirani. Iinuliwe juu ya kimo cha theluji. Na pafikiriwe maji yanakwenda wapi: nje ikiwa kati ya sifuri na nyuzi 5 na hewa ina unyevu, barafu hushika kwenye mapezi, yaani mabati membamba ya mashine yanayopitiwa na hewa, na mashine hugeuza mzunguko kwa dakika chache kuiyeyusha. Litatoka wingu la mvuke. Wapo waliodhani ni moshi wa moto. Litatoka pia ndoo zima la maji, na yakimwagikia njia ya kupita miguu yataganda hapo usiku.

Tangi la mafuta lisisahaulike kwa furaha ya mashine mpya. Linamalizwa, linasafishwa, linakatwa na kutolewa. Lililozikwa likishindikana kuchimbuliwa hujazwa mchanga au povu, kwa kufuata sheria za mahali. Kama lilikuwa likivuja, ardhi iliyolowa ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo ni bora kujua mapema. Na bomba la kujazia lililotokeza nje ya ukuta ling'olewe siku ile ile. Dereva wa lori la mafuta aliyekosea anwani akilikuta, atapampu mafuta kwenye chumba cha chini kisicho tena na tangi.

Chumba hicho cha chini chenyewe kitabadilika. Boila ilikuwa ikivujisha joto saa zote, ikakausha kuta na nguo zilizoanikwa humo. Ikiondoka, chumba hupoa na unyevu hupata nafasi. Weka njia ya hewa, na dohani isiyotumika izibwe juu kwa kofia ili mvua isiingie.

Msimu wa kwanza

Mkono uliozoea mafuta utataka kuzima usiku na kuwasha asubuhi kwa nguvu. Ukifanya hivyo, pampu italazimika kupandisha maji ya moto sana alfajiri, saa ambayo kisima kina kina kirefu kuliko saa zote. Iache iende. Kugusa rejeta na kuikuta ya vuguvugu si hitilafu. Hiyo ndiyo kazi.

Ndani ya mipangilio kuna mstari unaoiambia mashine: nje ikiwa nyuzi kadhaa, peleka maji ya nyuzi kadhaa. Fundi huuacha juu ili usimpigie simu kulalamikia baridi. Mstari huo ndio bili yako. Fungua vali zote za rejeta, ushushe kwa uzi mmoja, subiri siku mbili, kwa kuwa kuta huchukua muda kutoa habari. Shusha tena. Endelea hivyo mpaka mwenye chumba kinachopigwa na upepo atoke amevaa sweta na kukuuliza umefanya nini. Pandisha uzi mmoja, ufunge kifuniko.